Mama Tochi na Mayai ya Kuku wa Baba

Mtaani walimwita Mama Tochi. Jina alipewa na watoto waliokuwa wakimwona kila mara akitoka dukani na betri mpya. "Mama Tochi, leo unammulika nani?" walimuuliza, naye aliwajibu, "Namulika wasiooga." Wakakimbia wakicheka.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupiga pasi kwa dobi. Alisimama kutwa nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, mashati ya watu yakipita mikononi mwake moja baada ya jingine, na joto alikuwa amelizoea hivi kwamba alijua pasi imefika wapi kwa kuisogeza tu karibu na shavu. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, lakini nyumbani alionekana kama mgeni wa sikukuu. Kwa hiyo akitoka kwa dobi, Mama Tochi alirudi kwa kuku wake.

Kuku hao walitoka kwa baba yake. Marehemu baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, na kila asubuhi akirudi kazini, kabla hajalala, alikaa kwanza uani akiwatazama. Walikuwa wa rangi ya majivu yenye madoa meupe, wakubwa wa mwili, wapole kama wamefundishwa. Mzee aliwachagua mwenyewe kwa miaka mingi: huyu atage, yule achinjwe, jogoo huyu abaki, yule aondoke. Alipougua, aliyekuja kuwapa maji na pumba ni binti yake mkubwa. Binti mdogo, kitinda mimba, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, alikuwa bado anasoma na alisema banda linamnukia mpaka kwenye daftari. Siku moja mzee akamwambia mkubwa, mama yao amekaa palepale anachambua mchele, "Kuku hawa wachukue wewe. Wasije wakapotea."

"Afadhali," alisema Kitinda. "Sasa nguo zangu zitapumua."

Wote wanne walicheka. Mzee hakukaa sana baada ya hapo.

Miaka ilipita, kuku wakaongezeka, na Mama Tochi akaona kumsubiri kuku mmoja mmoja alalie ni kuchelewa. Akamwita fundi umeme wa karibu na soko, mtu mrefu mwenye maneno machache, akamtengenezea mashine ya kutotolea vifaranga kutokana na friji bovu: taa ndani, feni ndogo ya kusambaza joto, kidhibiti joto, na mlangoni kidirisha cha kioo. Chini aliweka karai la maji ili hewa isikauke. Mashine ikakaa stoo, na stoo ikawa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa wake. Wa pili alimpa Kitinda.

Kitinda wakati huo alikuwa amemaliza shule na kazi hajapata. Aliishi na mama yao mitaa miwili kutoka hapo, na kila mchana alikuja kugeuza mayai dada yake akiwa kwa dobi. Mama Tochi alimfundisha kila alichokijua. Jumapili moja, mayai yakiwa yamekaribia kumaliza wiki ya kwanza mashineni, walitundika blanketi dirishani, stoo ikawa giza mchana kweupe.

"Nawa mikono kwanza," alisema Mama Tochi. "Umeshika vitunguu, umeshika mafuta, yai linayanywa yote hayo. Ganda lina vitundu."

"Nimenawa, dada."

"Na ukaushe. Haya, chukua moja. Taratibu, hulikamui! Upande mnene ndio uelekee tochi, huko ndiko iliko hewa yake."

Tochi yenyewe ilikuwa ndogo, ya mwanga usiochoma. Balbu alikuwa ameikataa siku nyingi, maana joto lake linaweza kuunguza kilichomo. Mdomoni mwa tochi alivisha kipande cha boksi alichokiviringisha ili mwanga usitawanyike. Kitinda aliliegemeza yai pale, nalo likawaka lote rangi ya chungwa. Ndani palikuwa na doa jeusi dogo linalochezacheza, na mishipa myembamba imetambaa kulizunguka kama mizizi ya mche.

"Mungu wangu! Dada, linapiga!"

"Linapiga. Haya, limetosha, lirudishe. Ukilikodolea macho linapigwa baridi."

Walitoa machache machache, mengine yakabaki ndani mlango umefungwa. Mama Tochi alimwonyesha yai lililobaki jeupe ndani, lisilo na kitu. Alimwonyesha na lenye duara jekundu, akamwambia hilo lilianza likafa njiani, liondolewe lisije kuoza katikati ya wenzake. "Na ukikuta linalotoa jasho au harufu, usilitikise, usilimulike. Lifunge mfukoni, toka nalo nje polepole. Likikupasukia humu ndani, tutahama nyumba."

Kitinda alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Nitakuwa fundi kukushinda wewe."

"Ndicho ninachokitaka," alisema dada yake, na alisema kweli.

Siku ile karibu mayai yote yalikuwa na mishipa. Mama Tochi aliyawekea alama ya penseli, akafunga stoo akiimba.

Siku chache baadaye mdondo, ugonjwa wa kuku, uliingia mtaani. Chanjo ilikuwa imeadimika madukani, kila mtu anaambiwa arudi wiki ijayo. Kuku wa Mama Tochi walianza kuzubaa, kisha wakapinda shingo, kisha wakaanza kuanguka. Jogoo mkubwa alikufa mikononi mwake. Wiki haikuisha, banda likawa tupu, naye akawa amechimba shimo nyuma ya nyumba na kuwafukia kuku wa baba yake, akilia kama aliyefiwa na watu. Kilichobaki cha ukoo ule ni yale mayai ya mashineni, yaliyookotwa kabla ugonjwa haujafika.

Ndipo Kitinda alipomjia. Alimkuta amekaa kizingitini, nguo zina udongo.

"Dada, usiingie stoo," alimwambia. "Wewe ndiye uliyeshika wagonjwa. Unaweza kuwapelekea ugonjwa humo ndani. Mimi bandani sijakanyaga. Niachie mayai mpaka mwisho, asubuhi, mchana, jioni, yote nitageuza mimi."

Mama Tochi alimshika mkono. Kesho yake kwa dobi alimsimulia mwenzake wa meza ya pili.

"Mdogo wangu ni mtu," alisema. "Ni mtu hasa."

"Una bahati," alijibu mwenzake. "Wangu ananikumbuka mwisho wa mwezi tu."

Basi siku zikaenda. Kitinda alikuja na kuondoka, na kila akiulizwa alisema mambo ni mazuri. Zilipokaribia zile siku za mwisho, ambapo mayai huachwa yatulie bila kugeuzwa, Mama Tochi alisema anataka kuyamulika mara moja kabla ya hapo.

"Ya nini kujisumbua?" alisema Kitinda. "Nimeshayamulika. Yako sawa yote."

"Ninaamini. Lakini macho yangu nayo yana hamu."

"Dada, acha. Utayapiga baridi bure."

Akaacha. Lakini Jumapili, Kitinda akiwa kwa mama yao, hamu ilimzidi. Alioga, akavaa gauni lililotoka kufuliwa, akavaa ndala mpya ambazo hazijawahi kukanyaga uani, akanawa mikono mpaka viwiko. Akatundika blanketi. Akachukua yai la kwanza.

Alitegemea kuona weusi. Wakati ule kifaranga kilipaswa kuwa kimejaa ganda zima, kimebakiza tu uwazi wa hewa upande mnene. Badala yake mwanga ulipenya moja kwa moja. Palikuwa na kivuli cha kiini kinachoelea, basi. Aliigonga tochi, akadhani ina matatizo. Akachukua la pili. La tatu. Aliendelea mpaka trei la juu likaisha, na kila yai lilikuwa kama glasi ya maji.

Alikaa juu ya debe. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kujilaumu: joto lilipanda, umeme ulikatika, niliupeleka ugonjwa mimi. Lakini kadiri alivyofikiri ndivyo lawama hiyo ilivyokosa pa kushika. Yai lililokufa hubaki na maiti yake. Huwa jeusi, au huwa na duara la damu, au huoza. Mishipa aliyoiona kwa macho yake haiwezi kufutika. Yai halijutii likarudi kuwa jipya.

Alilipasua moja bakulini. Kiini cha njano, kimelegea kidogo kwa joto, kisafi. Ungeweza kulikaanga.

Alilishika ganda, akaitazama ile alama ya penseli. Ilikuwa penseli ileile. Mkono ulioiandika haukuwa wake.

Mtu mwingine pale angejua papo hapo. Mama Tochi hakujua, au hakukubali kujua. Akili yake ilizunguka ikitafuta mlango mwingine wa kutokea, ikaupata: fundi umeme. Alikuwa amekuja kurekebisha feni, akaachwa stoo peke yake. Kesho yake alipotoka kazini hakufika nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda chake karibu na soko, akamkuta ameinamia redio.

"Fundi, nirudishie mayai yangu."

Fundi aliinua kichwa. "Mayai gani?"

"Usinizungushe. Mayai ya kuku wa baba yangu. Umeyatoa mashineni ukaniwekea ya dukani. Mtu niliyemwaminia nyumba!"

Watu wa vibanda vya jirani walianza kusogea. Fundi aliweka bisibisi chini polepole.

"Mama Tochi, mimi nina wake wawili na kelele zao zinanitosha. Mayai ya kazi gani kwangu?" Kisha akakunja uso kama anayekumbuka kitu. "Kwani ile mashine ya pili inafanya kazi vibaya?"

"Mashine ipi ya pili?"

"Ya kwa mama yako. Niliifunga chumbani kwake, kando ya kitanda. Kitinda alikuja hapa, akasema umemtuma, umepata mayai mengi hayaenei mashine moja. Nikashangaa kidogo hukuja mwenyewe, lakini nikasema, si mdogo wako?"

Waliokuwa wamesogea kusikiliza ugomvi waliona uso wa Mama Tochi, wakarudi vibandani mwao bila kuambiwa.

"Nisamehe, fundi," alisema hatimaye. "Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Kaa kwanza unywe maji."

"Hapana. Acha niende."

Njia ya kwenda kwa mama yake aliijua hata angefungwa macho, lakini siku ile alipita nyumba akalazimika kurudi. Njiani alijiambia kuna maelezo. Mama hajui. Mama amedanganywa kama fundi. Alilishika hilo la mama kwa nguvu zote, maana la Kitinda lilikuwa limeshamponyoka.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Hakubisha hodi. Sebuleni hapakuwa na mtu, na kutoka chumbani alisikia sauti anayoijua kuliko sauti yoyote duniani: vifaranga wanalia ndani ya ganda.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, ameshika taulo. Kitinda amepiga magoti, mlango wa mashine wazi kabisa, mkononi ana yai lililodonolewa na anamenya ganda kwa kucha. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye kidole chake.

"Liache!" alisema Mama Tochi. "Lirudishe ndani. Funga mlango."

Kitinda alishtuka, lakini mikono yake ilitii kabla kichwa hakijafikiri. Akalirudisha, akafunga.

"Umefungua mara ngapi leo?"

"Nilitaka kuwasaidia. Wamechelewa..."

"Hawajachelewa. Unawakausha. Ngozi ya ndani ikikauka inawabana kama bandeji, wanakufa wakijiona. Mama, nipe maji ya moto."

Mama yake aliinuka. Mama Tochi alijaza karai, akaliingiza haraka, akafunga, akakitazama kioo mpaka kikaanza kuingia ukungu. Hapo ndipo alipogeuka.

"Mama, ulijua?"

Mama yake alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwanangu, wewe una mume. Una kazi. Mwenzio ana nini? Kuna kijana anamtaka, ana eneo nje ya mji, wanataka kuanza maisha. Nikasema, dada yake atapata mengine."

"Wapi? Kuku wote nimewafukia. Mama, ulikuja ukanisaidia kulia! Ulikaa na mimi kizingitini ukanifuta machozi, na mayai yako kando ya kitanda chako!"

"Sikujua watakufa wote."

"Lakini walipokufa ulijua yako wapi."

Aliyejibu ni Kitinda, bado amepiga magoti.

"Walikuwa kuku wa baba, dada. Mimi si mtoto wa baba? Kila mtu, vifaranga vya Mama Tochi, kuku wa Mama Tochi. Na mimi niliyegeuza mchana kutwa nilikuwa nani? Msichana wa funguo."

"Ungeniomba."

"Ungenipa wachache, na maelekezo juu."

Labda ilikuwa kweli. Mama Tochi alilifikiria hilo baadaye mara nyingi, akipiga pasi. Lakini pale chumbani alichokisikia masikioni ni ile sauti nyororo ya kizingitini: *wewe ndiye uliyeshika wagonjwa.* Angeweza kuelewa wizi. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba mdogo wake aliuchukua msiba wake akaufanya ufunguo wa kumfungia nje.

Yai moja lilipasuka katikati, kifaranga kikatoka kimelowa, kikalala kifudifudi kama mlevi. Wote watatu walisogea kwenye kioo, hawakuweza kujizuia. Kikafuata cha pili. Mama alileta chai, ikapoa juu ya stuli. Mpaka jua linazama walikuwa wametoka wengi, na wachache wa kwanza walianza kukauka, manyoya ya majivu yakionyesha vidoa vyeupe kichwani.

"Tutagawana, dada," alisema Kitinda kwa sauti ndogo. "Nitakupa nusu."

"Unipe," alirudia Mama Tochi. Alitikisa kichwa. "Nitawachukua kesho, wote. Wakati huu hawahamishwi, wamelowa, watakufa kwa baridi. Usifungue mlango tena. Wakikauka wote ndio watoke. Nitakuja na boksi asubuhi."

Mama yake alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika bega. "Njoo asubuhi, mwanangu. Tutayamaliza nyumbani, yasitoke nje."

Akamwamini. Hata baada ya yote yale, alimwamini. Alirudi nyumbani akatoboa boksi matundu, akatandika vitambaa, akachemsha maji ya kutia kwenye chupa ya kuwapa joto njiani. Kulipokucha alibisha hodi.

Mama alifungua akiwa amejifunga khanga kichwani kama anayeumwa. Hakumtazama machoni. Chumbani mashine ilikuwa wazi, imezimwa, maganda yamejaa chini. Mayai mawili yaliyoshindwa kutoka yalikuwa yamebaki kwenye trei. Kabati la Kitinda lilikuwa tupu.

"Kijana wake alikuja na gari alfajiri," alisema mama. "Nilimwambia akusubiri."

"Ulimwambia?"

Mama alikaa kitandani. "Sikumzuia," alisema.

Mama Tochi aliyatoa yale mayai mawili, akayafunga mfukoni taratibu ili yasipasuke, akamwaga maji ya karai, akafagia maganda. Mama yake alimtazama akifanya hayo yote. Alipomaliza, alichukua boksi lake na kwenda kazini, na mwenzake wa meza ya pili alipomuuliza habari za mdogo wake, alisema hajambo.

Hakukata uhusiano na mama yake. Alimpelekea dawa zikiisha, alimfulia mashuka, alimsikiliza akilalamikia magoti. Lakini alikuwa anakaa kiti cha karibu na mlango, na habari zake za ndani akaacha kumwambia. Mama akiuliza mume hajambo, alijibu hajambo. Akiuliza kazi, kazi njema. Kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati.

Fundi umeme alimletea mayai ya kuku wa shemeji yake, akakataa. Alimletea tena msimu uliofuata, akapokea, kwa sababu stoo tupu ilikuwa inamkera. Walitoka vifaranga weusi, wekundu, wa kila aina. Aliwatunza vizuri. Hakumpa mtu yeyote maelezo ya ukoo wao.

Habari za Kitinda alizipata kwa watu. Walisema ana banda kubwa, kuku wa majivu wenye madoa, wanunuzi wanatoka mbali. Walisema anawaambia ni mbegu ya baba yake.

Siku moja mchana simu iliita, namba asiyoijua. Aliweka pasi pembeni.

"Dada, ni mimi."

Mama Tochi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Dada, tafadhali usikate. Mayai yangu yananitokea duara jekundu, karibu trei zima. Sijui nakosea wapi. Nimeuliza kila mtu."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na feni inayovuma. Mama Tochi aliisikiliza kidogo.

"Kipima joto chako umekiweka wapi?"

"Juu, karibu na taa."

"Kishushe kiwe sawa na mayai. Hapo juu kinakudanganya. Na yenye duara yatoe leo, usiyasubiri."

"Asante, dada." Kisha, "Dada, umenisamehe?"

Shati la mteja lilikuwa mbele yake, mkono mmoja umenyooka, mwingine bado.

"Umeniuliza habari za mayai," alisema Mama Tochi. "Nimekujibu."

Akaizima simu, akaisogeza pasi karibu na shavu. Ilikuwa imepoa. Akasubiri ipate moto.